Leso za Biashara Street, Mombasa: ipi ya kununua, ipi ya kuiacha dukani

Jozi ya leso (kanga) ya pamba tupu, iliyopigwa chapa sawasawa, inashinda vitu vingi vinavyouzwa siku hizi kwa jina la kujitunza. Leso ya tetroni (polista) inayong'aa, hata maua yake yapendeze vipi, iache dukani.

Audre Lorde, mshairi mweusi wa New York aliyefariki 1992, alishikilia kwamba mwanamke mweusi kujitunza si anasa, ni namna ya kubaki hai. bell hooks, mwandishi mweusi wa Marekani, naye alirudia sana kwamba mapenzi yanajulikana kwa vitendo. Mombasa mambo hayo yana nguo yake, na nguo hiyo ina historia. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar 1897 na katika ukanda wetu wa pwani 1907. Wanawake waliozoea kuvishwa kaniki na merikani, nguo za watumwa zisizo na maua, wakajichukulia leso za rangi, nguo ya mtu asiyemilikiwa na mtu. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye leso za "Mali ya Abdulla", lilikuwa limeshafunguliwa Mombasa tangu 1887. Kwa hivyo anayeiona leso kuwa nguo ya jikoni tu hajaijua.

Haya, dukani. Mwambie muuzaji aikunjue jozi yote. Akikataa, maduka ni mengi mtaa huo. Leso moja huwa na urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110, na jozi ni mbili zilizoshikana, kama mita tatu. Mtu mwenye mwili apime kwanza kwa kujizungusha: ncha ya juu ipite nyonga ya pili, la sivyo utatembea umeishikilia siku nzima. Kisha tazama pindo, ule mkanda unaozunguka pande nne. Upana wake uwe sawa juu na chini. Chapa iliyopigwa upogo inakula pindo upande mmoja, na fundi hawezi kukurudishia. Angalia mji, ile sehemu ya katikati, halafu rudi nyuma hatua tano usome jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Herufi zilizovimba na kugusana zinaonyesha rangi ilimwagika mashineni, na makosa ya tahajia si haba.

Baada ya macho, vidole. Kwaruza kwa ukucha: ukitoka unga mweupe, huo ni wanga uliotiwa ili kitambaa chepesi kionekane kizito. Kidogo si neno, lakini ukinyunyuka kama unga wa chapati, leso itakuwa chandarua baada ya kufuliwa mara mbili. Dondosha tone la maji upande wa nyuma. Pamba inalinywa, japo wanga mwingi huichelewesha. Tetroni inaliacha likae juu kama shanga. Ukibaki na shaka, omba uzi mmoja wa ukingoni uuchome ukiwa nje ya duka. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Tetroni inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji akiapa "pamba mia kwa mia", uzi haubishani naye.

Usikimbilie mkasi ukifika nyumbani. Loweka jozi nzima peke yake kwenye maji baridi saa moja, suuza mpaka maji yawe meupe, anika. Sababu ni kwamba pamba hurudi kidogo ikifuliwa mara ya kwanza, na leso iliyopindwa kabla ya kurudi huvuta ukingo ukajikunja kama sikio. Wengi hutia chumvi ili rangi isichuje. Rangi za kisasa chumvi haizishiki. Kinachosaidia ni maji baridi na kuanika kivulini upande wa nyuma ukiwa nje. Jiki isiikaribie. Leso nyekundu na nyeusi, kisutu hasa, ifuliwe peke yake angalau mara tatu za mwanzo, au kanzu nyeupe za nyumba nzima zitageuka waridi.

Kukata: tafuta mstari unaotenganisha leso mbili, toa mkato wa sentimita mbili kwa mkasi, kisha chana kwa mikono. Kitambaa kitafuata uzi wake na kutoka kimenyooka kuliko mkono wa mtu. Pinda mara mbili, nusu sentimita halafu sentimita moja, na mwambie fundi arudishe mshono kwenye kila pembe. Leso hufumuka pembeni kwanza, kwa kuwa hapo ndipo inapovutwa kila inapofungwa.

Kwa kubeba mtoto, leso ya pamba iliyofuliwa haina mfano. Mpya yenye wanga inateleza, na ya tetroni fundo lake hulegea huku unatembea. Inama mbele, mtoto akae juu mgongoni, makalio yake chini kuliko magoti, miguu imekukumbatia pande mbili. Ukingo wa chini upite chini ya makalio, wa juu ufike usawa wa mabega yake, ncha zipite chini ya kwapa zako na kufungwa kifuani. Vuta ncha ya chini kwanza, kwani ndiyo iliyobeba uzito. Uso wake uwe nje, na kidevu kisilale kifuani pake. Kwa mkaja wa mzazi, leso ya kufunga tumbo baada ya kujifungua, kipimo ni pumzi: usipoweza kuvuta hewa mpaka tumboni, umekaza mno. Na aliyejifungua kwa upasuaji amuulize muuguzi kwanza, hata kama mama mkubwa ameshasimama na leso mkononi.

Kilemba ndipo sifa zinapopungua. Mchana leso inashika vizuri, haihitaji pini. Usiku pamba inanyonya mafuta na unyevu, na nywele za asili huamka kavu, zimekatika kwenye mstari wa mbele. Dawa ni rahisi: shonea satini upande wa ndani, kipande cha sentimita 90 kwa 30 kinatosha, au vaa kofia ya satini kisha leso juu. Usikifunge kwenye paji la uso kwa nguvu ya kuumiza. Nywele za pale zikivutwa kila siku hukonda na baadaye huenda zisirudi.

Sasa jina, ambalo muuzaji hawezi kukuchagulia. "Nani kama mama" ni zawadi salama, "Japo sipati tamaa sikati" inamfaa shoga anayeanza biashara upya. "Hasidi hana sababu" mbele ya jirani ni tangazo la vita. Mipasho ni sanaa, tusijifanye watakatifu; wanawake walionyimwa baraza walijitengenezea baraza viunoni mwao. Lakini leso inayonunuliwa makusudi kumchoma mke mwenza tunaipa alama ya chini. Wanawake wawili wanamaliza pesa Biashara Street kujibizana, na mwanamume aliyeuleta ugomvi anapita hata hasomi. Ukitaka ubunifu, peleka maneno kwa anayekupenda: jozi moja, jina moja, nusu yako, nusu yake. Umpe iliyopindwa. Kumpa isiyopindwa ni kumpa na kazi ya kwenda kwa fundi.

Sare ya harusi au ya chama inunuliwe siku moja, kutoka robota moja. Leso ya jina lilelile ikichapishwa tena, wekundu hubadilika, na kwenye picha aliyechelewa kuchanga ataonekana kama mgeni. Hesabu jozi moja kwa wawili ikiwa kila mtu atavaa kipande kimoja, kisha ongeza mbili za akiba. Wanaokosa pesa siku hiyo wasiachwe nje; mwekahazina awalipie wakatwe kidogokidogo kwenye michango.

Hifadhi ni shida ya hewa yetu. Leso iliyokunjwa na unyevu kidogo tu hutoa madoa meusi ya ukungu, nayo ni magumu kutoka. Ikauke kabisa, ikae kabatini na udi au bila udi, lakini isikae ndani ya mfuko wa plastiki.

Ikichakaa, ndipo pamba inapokuwa laini kuliko ilipokuwa mpya. Inafaa nepi, inafaa pia vitambaa vya hedhi: kunja tabaka sita hadi nane, shona ukingo, badilisha kila baada ya saa nne hadi sita. Loweka kwa maji baridi kwanza kwa sababu ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi, kisha fua kwa sabuni na uanike juani wazi. Ile desturi ya kuficha kitambaa chini ya nguo nyingine kambani, kwa kuona haya, ndiyo inayokifanya kisikauke na kuleta mwasho.