Wetisuti ya mtumba na fundi viatu wa Ngamiani: uzoefu wangu

Naanza na jibu kabisa ili asiye na muda asisome yote: mshono wa wetisuti (ile suti ya mpira ya kuvaa baharini) ukiachia mpelekee fundi viatu, usimpelekee fundi cherehani hata kama cherehani yake inashona maturubai. Sasa kwa wenye muda wao.

Hii yangu ni ya milimita 3, nyeusi, mikono mirefu, nimeiokota kwenye mtumba hapahapa Tanga, na kuna mtu huko ilikotoka alishaipitisha kwenye mashine chini ya kwapa, zigizaga ya uzi mweupe kuanzia mbavuni mpaka karibu na kiwiko. Ukiitandaza mezani unasema hii imerekebishwa vizuri tu. Nikaigeuza ndani nje, mkono nikaufunga pale kwenye kifundo kwa kamba ya mpira, nikamimina maji ya kopo. Aisee! Kila tundu la sindano lilitoa tone lake, matone yamejipanga mstari mmoja, afu pale kwenye kona ya kwapa mishono inapokutana maji hayakudondoka, yalichuruzika.

Sababu yake ni kwamba neopreni iliyotengenezea suti ni mpira wenye vipovu vya gesi ndani, kila kipovu kimejifunga peke yake, ndo maana hainyonyi maji. Cherehani inatoboa moja kwa moja mpaka upande wa pili, kwa hiyo kila hatua ya sindano ni tundu jipya, na ukivuta mkono kuogelea yale matundu yanapanuka. Kiwandani kwenye suti nzuri kingo mbili zinagundishwa kwanza, uso kwa uso, afu sindano iliyopinda inapita juujuu, inazama nusu ya unene na kutokea upande uleule ilioingilia. Yaani anayezuia maji ni gundi, uzi kazi yake kusaidia gundi isivutwe. Zile suti nyepesi zenye mshono bapa unaouona nje na ndani zenyewe zinapitisha maji tangu dukani, hizo usizilaumu.

Najua kuna mtu atasema bahari yetu ya moto, ya nini makeke yote haya. Njoo wakati wa kusi maji yameshuka mpaka kwenye nyuzi 25 hivi, ukae chini unakwangua boti au unakagua kamba za maboya asubuhi nzima, tutaongea vizuri. Maji yanachukua joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Suti inakukinga kwa vile vipovu vyake vya gesi, na kale kamaji kembamba kalikobaki kati yake na ngozi mwili unakapasha joto na kanatakiwa kakae hapo. Kwapa likiwa wazi kila ukipiga mkono kanatoka, yanaingia mengine ya baridi, unakuta umevaa mzigo tu. Na konyeza, wale wa baharini wanaowasha, wakipita hilo tundu wanalijua.

Basi nikaenda kwa mzee mmoja fundi viatu kule Ngamiani, anakaa kibarazani na kisanduku chake. Shikamoo, marahaba mwanangu, hii ngozi ya nyangumi umeitoa wapi. Akaiminya, akaivuta, akasema hii kazi ya gundi. Na yuko sahihi kuliko anavyojua, maana gundi nyingi za soli, zile za kupaka pande zote mbili, zimetengenezwa kwa polikloropreni, na hiyo polikloropreni ndo neopreni yenyewe kwa jina la kikemia.

Alichofanya: akachomoa uzi wote mweupe kwa wembe, taratibu, asikate kitambaa. Kingo akazifuta kwa spiriti (suti nilishaisuuza maji baridi na kuianika kivulini, ukiipeleka na chumvi au unyevu hamna gundi itakayoshika). Akapaka gundi kwa kijiti cha kiberiti, nyembamba kabisa, pande zote mbili, akaacha. Mi nilidhani ataziunganisha palepale mbichi, wapi, akachukua kiatu cha mtu akaendelea nacho. Baada ya kama dakika kumi akagusa kwa mgongo wa kidole, ikawa inanata lakini haibaki kidoleni, akapaka mkono wa pili, akasubiri tena. Ndo akaanza kubana kingo kwa kucha za vidole gumba, kipande kidogo kidogo, akianzia ile kona ya kwapa, kwa sababu gundi hii zikishagusana huna nafasi ya kusogeza. Mwisho akapitisha uzi wa nailoni juujuu kwa sindano iliyopinda, akaniambia usiiguse mpaka kesho saa kama hizi.

Bei sh. 15,000, na hapo tulipunguziana. Kasoro zipo. Kesho yake ya kwanza haikuwa kesho, nilienda mara mbili nakuta viatu vya watu viko mbele yangu. Uzi alikuwa nao wa kahawia tu, kwa hiyo nina kwapa la kahawia. Na kona ile ilibaki ngumu kidogo, mara ya kwanza ilinikwaruza.

Nyumbani nikaongezea Aquaseal juu ya mshono kwa ndani, utando mwembamba tu, hiyo niliagiza na tyubu ndogo ile bei yake inauma. Ni gundi ya urethani, inakauka kwa unyevu wa hewani, ikikauka inabaki kuvutika na haikatiki. Supa gluu usijaribu, inakuwa kama kioo, ukikunja mkono inapasuka na kuchana mpira pembeni. Tyubu ikishafunguliwa inagandia humohumo ndani, dawa yake ni kuiweka kwenye friza, yangu iko pembeni ya samaki, changu na kibua, na mama watoto ameshanisema sana.

Jaribio la kopo nikalirudia: mshono wote mkavu, kaunyevu kadogo tu karibu na kiwiko kwenye matundu ya zamani ambayo mzee hakuyafikia na gundi, nikayaziba mwenyewe. Nimeshaivaa mpaka huko kisiwa cha Yambe, mkondo unavuta, kwapa limetulia. Fundi nampa nyota nne, ya tano ataipata siku akinunua uzi mweusi.

Ukienda, nenda asubuhi, nenda na suti kavu, mwambie mapema kwamba sindano isitokee upande wa pili. Na Januari usihangaike kwenda, viatu vya shule vinamjaa mpaka barabarani.