Kuandika hadithi kila siku: kwa muda au kwa idadi ya maneno?

Anayetaka kuandika hadithi kila siku bila kupanga kisa mapema anaweza kujiwekea muda, tuseme dakika 20, au idadi ya maneno, tuseme 300. Idadi humpa ushahidi wa kazi, lakini siku ya uchovu humshawishi kurefusha sentensi ili atimize hesabu: mhusika aliyepaswa kufungua mlango tu anaelezewa mpaka kitasa alichokishika. Muda hauna kishawishi hicho, kwani hata aya moja iliyofutwa na kuandikwa upya huhesabika, na ndiyo maana ninampendekezea anayeanza. Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, aliviunganisha vyote viwili, akijitaka aandike maneno 250 kila robo saa huku saa yake ikiwa mbele yake. Nidhamu hiyo inamfaa zaidi aliyekwisha kuzoea.