Pikapu Nimeipenda, Walioniuzia Siwasamehe

Mara mbili nimeanza kuandika haya nikaacha, nikisema ngoja hasira zipoe kwanza. Hazipoi. Pikapu iko hapo nje, nimeiosha asubuhi, na nikiitazama dirishani moyo unaridhika. Nikishika usukani tu, namsikia yule meneja wa yadi iliyoniuzia, kaegemea kiti chake, kalamu mdomoni: "Sasa bwana, usiponunua, utarudi kwenu na nini?"

Ningekuwa naishi mtaa wa pili asingethubutu kuniuliza hivyo. Aliniuliza kwa sababu alijua nimetoka mbali, na alijua sina tiketi ya kurudi.

Watu wananiuliza mkazi wa Des Moines, Iowa, anakwendaje karibu maili 700 hadi Texas kutafuta gari wakati yadi zimejaa hapa kila kona. Jibu langu ni chumvi. Huku majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na matairi yanairusha chini ya gari. Inakaa kwenye chasisi, kwenye mabomba ya breki, kwenye kila nati. Mimi nimekulia Tanga, najua upepo wa bahari unavyolifanya bati, lakini sikutegemea kuikuta kutu ya namna hiyo mahali ambapo bahari haionekani hata kwenye ndoto. Pikapu yangu ya kwanza hapa niliinunua kwa bei nzuri, rangi inang'aa. Mwaka wa pili bomba la breki likapasuka nikiwa nimekokota tela lenye vyombo vya watu. Nashukuru Mungu nilikuwa maegeshoni, si barabara kuu. Fundi akaipandisha, akagusa chasisi kwa bisibisi, bisibisi ikazama kama kwenye muhogo uliooza. Akaniambia, ndugu, hii usiifufue.

Kazi yangu ni kuhamisha watu. Familia inahama nyumba, mimi nabeba makochi, vitanda, majokofu. Nikikosa pikapu, sina kazi. Kwa hiyo nilitaka gari lililoishi kusini maisha yake yote, na nikalipata kwenye yadi moja nje kidogo ya Dallas. Sitasema ina injini gani wala ina nguvu kiasi gani, hayo kila mtu anaweza kuyasoma mwenyewe. Jina la yadi nalo naliacha.

Muuzaji niliyezungumza naye kwa simu alikuwa mzee, na nasema tangu sasa kwamba yeye simlaumu. Au niseme simlaumu sana. Alijilaza kwenye lami, kwenye joto la Texas, akanipigia video ya chini ya gari kuanzia mbele hadi nyuma. Chasisi kavu, nyeusi, safi. Nikamlipa fundi mmoja wa hukohuko anayefuata magari kwenye yadi akaikague, naye akaniambia ni nzima. Ndipo nikamuuliza mzee kwa maandishi, mara tatu, kwa maneno matatu tofauti: bei hii ndiyo yote? Hakuna kitakachoongezeka nikifika? Nikija na hundi ya kiasi hiki nitaondoka na gari? Mara zote tatu akajibu ndiyo. Nikatuma amana ya dola 500. Chama chetu cha akiba na mikopo kikaniandikia hundi ya kiasi kilekile, bila senti ya ziada.

Ni yeye pia aliyenishauri nisikate tiketi ya kurudi. "Utapoteza hela, rafiki yangu. Utarudi ukiendesha." Akaja kunipokea uwanja wa ndege, akaninunulia chai njiani, akaniuliza habari za watoto. Nikajisemea moyoni, kumbe hata huku kuna watu.

Gari nikalikagua, nikalizungusha mtaani, nikalipenda. Ukaja wakati wa kusaini. Kwa asiyejua: yadi za Marekani zina muuzaji unayecheka naye nje, halafu kuna ofisi ya ndani yenye mtu wa fedha na meneja. Huko ndani nilikaa kwa muda wa saa nne.

Karatasi ilipogeuzwa upande wangu, bei ilikuwa imeongezeka dola 2,380. Nikafikiri wamechanganya majalada. Meneja, kijana ambaye kama ningeoa mapema ningemzaa, akaanza kunisomea. Dawa ya kulinda rangi. Namba ya gari kuchorwa kwenye vioo ili wezi waogope. Kifaa cha kulifuatilia likiibiwa. Na naitrojeni kwenye matairi. Naitrojeni! Hewa hii hii unayoivuta wewe hapo ulipo, asilimia 78 ni naitrojeni, na hakuna anayekutoza. Kulikuwa na mstari mwingine tena wa kodi ya Texas, asilimia 6.25, na huo niliukamata mwenyewe, kwa sababu mwenzangu mmoja anayeendesha malori makubwa alinionya: gari ukilitoa nje ya Texas kwenda kusajiliwa kwingine, kuna fomu ya kusamehewa kodi hiyo, ya kwenu utailipa kwenu. Iowa inachukua asilimia 5 yake wakati wa kusajili. Nilipoutaja ule mstari, mtu wa fedha akaufuta bila neno, wala hakushtuka. Najiuliza wangapi hawaujui.

Hayo manne ya juu yakabaki. Nikatoa simu, nikamwonyesha meneja ule ujumbe. Bei yote? Ndiyo. Akausoma hadi mwisho, akanirudishia simu, akasema: "Huyo ni muuzaji. Bei anatoa meneja." Nikamwambia basi vitoeni hivyo vitu, sivitaki. Akasema vimeshafungwa, havitoki. Hata naitrojeni haitoki? Hakujibu. Akaegemea kiti, akaniita kwa jina langu la kwanza, kavukavu, kama anamwita mtoto aliyemtuma dukani, ndipo akaniuliza lile swali. Utarudi kwenu na nini.

Nilitoka nje. Joto lilikuwa kali. Begi langu dogo lilikuwa bado kwenye gari la yule mzee. Nikahesabu: tiketi ya siku hiyo hiyo ya kurudi, hoteli kama ndege imejaa, dola 500 za amana ambazo waliniambia hazirudi, gari la kukodi Jumatatu kwa sababu tayari nilishachukua kazi ya familia ya Kikongo iliyokuwa inahama. Nikampigia mke wangu. Akaniambia, "Baba Zainabu, rudi. Njoo hata mikono mitupu." Yeye alikuwa sahihi, na hili nimemwambia mbele ya watoto. Lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Nikarudi ndani. Tukabishana hadi wakakata nusu, dola 1,190, wakanipongeza kana kwamba wamenipa zawadi. Fedha ile ilikuwa ada ya mdogo wangu wa mwisho, yuko chuo Morogoro. Niliitoa kwenye kadi yangu pale mezani na mkono ukitetemeka, na simwonei haya mtu kusema hivyo.

Wapo watakaosema ungerudisha gari ndani ya siku tatu. Na mimi niliwahi kuambiwa hivyo, msikitini kabisa, na mtu ninayemheshimu. Si kweli. Sheria ya siku tatu ipo, lakini inahusu anayekufuata kukuuzia nyumbani kwako na mahali kama hapo. Ukilifuata gari mwenyewe kwenye yadi yao, ukasaini, limekwisha kuwa lako. Ipo na ile karatasi ya kwenye kioo ambayo serikali ya shirikisho inazilazimisha yadi kuibandika kwenye magari yaliyotumika. Yangu ilitiwa alama kwenye kisanduku cha kuuzwa kama lilivyo, bila dhamana. Niliisoma. Biashara ikifanyika kwa Kihispania, sheria inawataka waiweke na kwa Kihispania. Sisi wa Kiswahili tunasoma hivyo hivyo, na ukisoma polepole, kijana anagongagonga kalamu mezani.

Sasa niseme haki. Nilipoingia barabara kuu ya I-35 kuelekea kaskazini, nilikuwa nimekunja uso hadi Oklahoma. Barabara ilipoanza kupanda na kukatiza miamba ya milima ya Arbuckle, pikapu ikapanda kimya, haikuguna, haikutafuta gia. Nikaanza kulegea. Nililala Oklahoma City, asubuhi nikaingia Kansas, kule kwenye vilima vya majani vya Flint Hills, hakuna nyumba, ng'ombe tu na upepo, na usukani umetulia mkononi kama mtoto aliyelala. Kwa muda wa saa nzima hivi nilisahau kila kitu. Nikasema nikifika nitawapa nyota nne kati ya tano. Nikasema meneja mmoja asiniharibie furaha.

Na nilipoipeleka kwa fundi wangu hapa Des Moines akaipandisha, aliwaita wenzake wawili waje waone. Nati zilifunguka kwa mkono. Alinipiga bega akasema hii, ukiiosha chini kila baridi, utazeeka nayo. Kwa hiyo kama unaniuliza inafaa kwenda mbali kutafuta gari lisilo na kutu, ninasema ndiyo, nenda, nami ningekwenda tena.

Lakini wao hawakuishia hapo. Hati ya umiliki, hii ambayo kwetu tungesema kadi ya gari, walisema itakuja kwa posta baada ya siku chache. Iowa inakupa siku 30 usajili, na bila hati ile mweka hazina wa kaunti hakusajilii, hata umlilie. Siku zikapita. Nikipiga simu, napewa dada mmoja anasema iko njiani. Wiki ya pili iko njiani. Wiki ya tatu akaniuliza nina uhakika sijaipokea. Namba ya muda ikaisha, pikapu ikakaa uani siku kadhaa kama pambo, nami nikakodi gari la mwenye duka nifanye kazi niliyoahidi. Nikaomba kuzungumza na meneja. Akaja kwenye simu, sauti ile ile, akasema: "Bwana, wewe ndiye uliyeamua kununua kutoka jimbo jingine."

Hapo ndipo zile nyota nne zilipoondoka. Mimi ndiye niliyeamua! Kumbe umbali, walipokuwa wananiuzia, ulikuwa si kitu, video zinatumwa, uwanja wa ndege napokelewa, chai nanunuliwa. Baada ya kunipokea hundi, umbali ukawa kosa langu. Hati ilifika hatimaye, imechelewa, ndani ya bahasha isiyo na hata karatasi ya kusema samahani.

Unayetaka kwenda, nakuomba sana: ujumbe wa simu wa muuzaji usiuamini, hata awe mwema namna gani. Dai karatasi yenyewe ya mauzo, yenye namba ya chasisi ya gari lile, bei hadi senti ya mwisho, na sahihi ya meneja, kabla hujatuma amana wala kufunga begi. Wakikataa kuisaini ukiwa kwako, jua wanakusubiri ufike. Uliza hati ya umiliki iko mkononi mwao leo au iko kwa mtu mwingine. Na kata tiketi ya kurudi. Hata kama hutaitumia, hata kama hela itapotea. Iweke mfuko wa shati, ionekane. Mimi ningekuwa nayo, lile swali lingekuwa na jibu, na ningelijibu nikiwa nimesimama.

Juzi yule mzee aliniandikia. Alianza kwa kuuliza hali ya pikapu, akauliza watoto, halafu akaniomba nijaze fomu ya maoni ya yadi na nimpe nyota tano, kwa sababu pungufu ya tano inamkata yeye malipo ya ziada. Niliishika simu muda mrefu. Sijui kama alijua watanifanyia nini mle ndani. Nafikiri alijua. Amekaa pale miaka mingi, asijue vipi? Lakini nakumbuka mgongo wa shati lake ulivyokuwa na vumbi aliponyanyuka kutoka chini ya gari, kwa ajili ya mtu asiyemjua, aliye jimbo jingine.

Nimeijaza. Palipoandikwa muuzaji nimeweka tano. Palipoandikwa yadi nimeweka moja, kwa kuwa sifuri haikubaliki, na kwenye nafasi ya maelezo nimeandika swali la meneja neno kwa neno. Ufunguo wa pili walioniahidi mpaka leo haujafika.