Sabufa iliyojitetea yenyewe: uzoefu wangu na waranti ya mwaka mmoja

Nina saluni ya kiume Makorora, hapa Tanga. Viti viwili, feni moja, na benchi la wanaosubiri ambalo nusu yao hawasubiri chochote, wamekuja kupiga soga. Redio yangu ya zamani ilipokata kauli nilipanda baiskeli hadi Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, nikaingia duka moja kubwa la vifaa vya umeme na kutoka na sabufa mpya. Tarehe 9 mwezi wa tatu, shilingi 185,000, risiti ya EFD mkononi, waranti mwaka mmoja. Jina la duka silitaji, na aina ya sabufa pia silitaji, nisije nikaitwa kujibu.

Sabufa yenyewe kwanza, maana huenda kuna mtu anasoma hapa akiwa na hela mfukoni. Boksi limeandikwa wati 12,000 PMPO, eti nguvu ya kilele. Geuza chombo nyuma usome kile kibandiko kidogo karibu na waya: wati 80. Hicho cha nyuma ndicho cha kuamini, kwa sababu chombo hakiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia kwenye waya wake. Wati 12,000 ni pasi kumi na mbili zinazowaka kwa mpigo. LUKU yangu ingelia kabla wimbo haujafika kiitikio. Ila kwa wati zake 80 za kweli, nakiri, inapiga. Bezi imeshiba, haikwaruzi, na bluetuthi inashika mpaka kwa muuza chipsi ng'ambo ya barabara, ambaye siku moja alinikatia muziki akaweka wa kwake. Rimoti ni ya kuchezea watoto. Hayo yote ningeyapa nyota nne nikanyamaza.

Mwezi wa sita ugonjwa ukaanza. Umeme ukikatika dakika mbili tatu, ukirudi, sabufa inaendelea kwa adabu zake, sauti ile ile. Ukikatika nusu saa, ukirudi, inajiwasha yenyewe kwa sauti ya mwisho kabisa, ile ambayo hata kwenye harusi watu wangeomba ipunguzwe, na inaanza kupiga chochote kilichomo kwenye flashi. Sasa fikiria kazi yangu. Umeme ukikatika mashine za kunyolea zinalala, lakini wembe hauhitaji umeme, kwa hiyo huo ndio wakati wa kuchonga ndevu. Siku hiyo nilikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye masharubu ambayo nadhani yamemtisha kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake. Nimeinama, wembe uko chini ya pua, saluni kimya. Umeme ukarudi.

Nashukuru Mungu sikumkata. Lakini mkono uliruka, na sharubu la kushoto likaenda nao. Mzee akajitazama kwenye kioo, muda mrefu. Kisha akasema, "Haya baba, malizia na upande wa pili." Akalipa 2,000 yake, akaaga, akaondoka. Angenitukana ningepata nafuu.

Kesho yake nikaifunga sabufa kwenye keria kwa mpira, nikairudisha. Mapokezi wakanipa fomu yenye masharti kumi na moja kwa maandishi ya saizi ya sisimizi. Nililolishika ni la sita: hitilafu ambayo fundi wa duka hakuiona kwa macho yake haitahesabiwa kuwa hitilafu. Na la saba: kila ukaguzi ni 15,000, na hairudishwi. Fundi, kijana wa watu, akaichomeka, ikapiga. Akazima kwenye soketi, moja, mbili, tatu, akawasha. Ikapiga vizuri.

"Kaka, hii nzima."

"Ndugu yangu, izime nusu saa ndiyo utaiona."

"Nusu saa? Kaka, tazama foleni."

Nikalipa 15,000 kuambiwa ni nzima. Mwezi wa saba hivyo hivyo. Mwezi wa nane nikaomba kuonana na meneja, akanijia na tabasamu na ile fomu. "Kaka yangu, mimi nakuamini kabisa," akasema. "Lakini sharti namba sita haliniruhusu kukuamini." Nilirudi nyumbani nikilitafuna hilo neno njia nzima.

Jirani yangu mtaani ni fundi redio. Alikataa kuifungua: kuna stika juu ya skrubu, ikichanika waranti imekwenda na maji. Lakini alinielewesha kwa mdomo. Sabufa nyingi za siku hizi kitufe cha kuzungushia sauti hakipitishi sauti kama zamani, kinatuma namba tu. Namba hiyo inatunzwa kwenye kidude cha kumbukumbu. Umeme ukikatika kidogo, kapasita, vidude vya ndani vinavyoshika umeme, bado zina chaji, chombo hakijasahau kitu. Chaji ikiisha, lazima kikasome upya kwenye kumbukumbu, na kama umeme wa ndani unapanda kwa kusuasua kinasoma takataka, na takataka hiyo inaweza kuwa namba ya juu kuliko zote. "Bodi ndogo tu," akasema. "Wakibadilisha, dakika ishirini." Dakika ishirini! Mimi nimeshatoa 45,000.

Pale kwenye baraza ya kahawa mzee mmoja aliyewahi kuwa karani alinishauri niende kwa utaratibu. Akanitajia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, kwamba muuzaji wa vitu vya aina fulani anapokuuzia, kitu kile kinapaswa kuwa na ubora wa kuuzika. Akanitajia na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na kupewa kazi ya kumlinda mlaji. Ushauri mzuri, na wewe mwenye subira ufuate huo. Mimi nilikuwa nimeshawaza jambo jingine.

Katika kushinda pale dukani mara tatu nilikuwa nimeyaona mawili. La kwanza, Ijumaa wanafunga saa sita na nusu kwa ajili ya swala na chakula, na mlinzi anashusha mein swichi, kwa kuogopa moto. Wanafungua saa nane. La pili, chumba cha fundi kina kufuli lake, na ufunguo anautia fundi mfukoni, naye saa nane yake huwa ni saa tisa kasorobo.

Nikamwomba mpwa wangu wa darasa la sita, mwenye sauti ya kusoma risala, anisomee maneno fulani kwenye simu. Tukarekodi mara nne kwa sababu ya kucheka. Nikayaweka kwenye flashi ya GB 16, peke yake, yajirudie. Alhamisi asubuhi nikaipeleka sabufa kwa mara ya nne, nikalipa 15,000 ya nne, nikaomba kile kinachoitwa kwenye sharti la tisa "majaribio ya saa 48", yaani iachwe imechomekwa kwa fundi siku mbili. Wakakubali upesi. Flashi hakuna aliyeiuliza.

Ijumaa nikaswali, nikamwomba Mola anisamehe kwa lililokuwa moyoni wakati wa hotuba, kisha nikaenda kukaa kwenye baraza mkabala na duka na kikombe cha kahawa chungu na kashata. Saa nane mlinzi akafungua geti. Wateja kama kumi wakaingia, wengi wanawake, nadhani kulikuwa na bei ya punguzo ya majagi ya umeme. Mlinzi akapandisha mein swichi.

Sauti ikatoka ndani mpaka kikombe kikatetemeka mkononi mwangu:

"HODI JAMANI! SHIKAMOONI! MIMI NI SABUFA YA YULE KINYOZI WA MAKORORA. NIMELETWA HAPA MARA NNE. UMEME UKIRUDI NAPIGA KELELE, HIVI HIVI MNAVYONISIKIA. WARANTI YANGU INA MIEZI SITA MBELE. SASA NAWASOMEA SHARTI NAMBA SITA…"

Dakika ya kwanza ilikuwa tamu kuliko kashata. Watu wa baraza wakasimama. Bodaboda wakazima pikipiki zao ili wasikie. Niliona kupitia kioo mikono ya meneja ikienda huku na huku kama anafukuza nyuki.

Nilichokisahau ni kwamba ile ni sauti ya mtoto, na spika ikishafika mwisho maneno yanagongana na kuta, hayashikiki tena. Mama mmoja akatoka mbio barabarani huku khanga inamdondoka: "Jamani, kuna mtoto kafungiwa humo! Analia!" Hapo mambo yakageuka. Wanaume wakaingia. Mmoja akaanza kusukuma mlango wa chumba cha fundi kwa bega. Meneja akapata akili ya kumwambia mlinzi ashushe mein swichi. Akashusha. Kimya.

"Kazimia!" mama akapiga ukelele. "Mtoto kazimia!"

Mlinzi wa watu, mzee mwenye umri wa baba yangu, akatetemeka, akaipandisha tena. "HODI JAMANI! SHIKAMOONI!" Na jamaa wa bega akawa anarudi nyuma kuchukua mbio.

Nikaacha kahawa. Nilivuka barabara ile bila kutazama magari, nikajipenyeza, nikasimama mbele ya mlango nimenyoosha mikono. "Jamani, jamani, hakuna mtoto! Ni sabufa! Ni sabufa yangu mimi!" Ilibidi nirudie mara tatu, maana sabufa ilikuwa inanizidi sauti. Yule mama akanitazama kutoka juu mpaka chini, akaniambia, "We baba mzima na ndevu zako," na hakumaliza. Sina la kumjibu mpaka leo. Mzaha ule nilimpangia meneja, ukawapata mama wa watu na mlinzi.

Fundi akatokea saa nane na dakika arobaini, kijiti cha meno mdomoni. Akakuta umati. Akafungua kufuli, akasimama mlangoni, akaitazama sabufa inavyoruka juu ya meza. Kwa macho yake.

Nikamwuliza kwa upole, "Ndugu yangu, unaiona?"

"Naiona."

"Basi andika."

Meneja alinifokea, na nilimwacha anifokee, alikuwa na haki ya robo saa. Alisema ataniitia polisi. Kisha watu wakaanza kuisoma fomu aliyokuwa ameishika, mmoja akilisoma sharti la sita kwa sauti, na nadhani kicheko cha barabara nzima ndicho kilichomtuliza. Fundi akaandika: hitilafu imeonekana. Sahihi, muhuri.

Walikaa nayo siku tisa. Bodi ikabadilishwa, na tangu hapo umeme umeshakatika na kurudi mara nyingi tu, sabufa inaamka kwa adabu. Zile 15,000 tatu za mwanzo hawakunirudishia. Ya nne walirudisha, wakidai ni kwa hisani. Kwa hiyo ukiniuliza bei ya sabufa yangu, si 185,000, ni 230,000, bila kuhesabu sharubu la mwalimu.

Nyota: sabufa tatu na nusu, nusu nyingine nimeikata kwa ule uongo wa wati. Fundi wa duka mbili, kijana hana ubaya, amepewa foleni ya watu hamsini na soketi moja. Sharti la sita halina nyota. Mkinunua hapo, au popote, someni fomu ya waranti kabla ya kutoa hela, mkiwa bado mnaitwa "karibu mteja wetu". Na ugonjwa wa kifaa chako kama unakuja na kuondoka, urekodi kwa simu siku ya kwanza, saa na tarehe zionekane. Mimi akili hiyo ilinijia baadaye.

Mlinzi nilimpelekea nusu kilo ya kahawa Jumatatu yake, karibu nimpigie magoti. Alicheka, lakini alisema usiku ule hakulala vizuri. Yule mama sijamwona tena. Kila nikipita Ngamiani namtafuta kwa macho ili nimwombe radhi. Mwalimu amerudi saluni, masharubu yameota, ila sasa umeme ukikatika anaamka kwenye kiti na kwenda kukaa kwenye benchi mpaka urudi.

Nilipokwenda kuchukua sabufa niliulizia flashi yangu. Wakanionyesha fomu ya mapokezi: kifaa kimoja, waya mmoja, rimoti moja. Flashi haikuandikwa, kwa hiyo haikupokelewa. Na chini ya yale masharti kumi na moja, kwa kalamu ya maki, palikuwa pameongezwa la kumi na mbili: vifaa vya muziki viletwe bila flashi.