Mixa ya milioni 7.4 na pazia la milioni 1.85: maoni ya mtunza hazina baada ya miezi 14

Bwana asifiwe. Niseme mapema kwamba mimi si fundi mitambo. Ni mtunza hazina wa usharika wa Kilutheri hapa Dar es Salaam, mwaka wa sita huu, na kabla ya hapo nilikaa dirishani benki miaka 27. Anayetaka maoni kuhusu Behringer X32, mixa yetu ya kidijitali ya kuchanganya sauti za maiki na vyombo, kutoka kwa mtu anayejua masafa na desibeli, kwangu amepotea njia. Ila hundi niliitia sahihi mimi, na kila Jumapili nakaa benchi la jirani na hiyo mixa. Naweza kusema kama sadaka za watu zimefanya kazi au hazijafanya.

Ilianza hivi. Vijana wa Kusifu na Kuabudu walileta kwenye kamati ya fedha proforma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, ya shilingi 48,600,000. Spika za kuning'inia kama mikungu ya ndizi, skrini ya ukuta mzima nyuma ya madhabahu, taa za kuzunguka, na mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, mashine ya moshi. Mzee mmoja wa kanisa alivua miwani akauliza, "Moshi wa nini? Kanisa linaungua?" Mchungaji yeye aliuliza kitu kimoja tu: skrini ikikaa pale, msalaba tunauhamishia wapi?

Tulicheka, lakini vijana hawakucheka. Kiongozi wao akaniambia, "Mama, sisi hatutaki disko. Tunataka ibada isikike." Neno hilo nilirudi nalo nyumbani. Maana mimi nakaa mbele, na kwa mbele husikika vizuri. Sikuwahi kujiuliza wa nyuma wanapata nini.

Jumapili iliyofuata nikawapa watu sita karatasi na kalamu, nikawapanga: wawili mbele, wawili katikati, wawili benchi la mwisho karibu na mlango. Kazi yao ilikuwa kuandika neno la mahubiri na matangazo matatu ya kwanza. Somo lilikuwa Wakolosai 3. Benchi la mwisho, mmoja aliandika Wakorintho, mwenzake aliandika "Wako..." akaacha wazi. Kwenye matangazo, mchango wa msiba wa elfu tano ulikuwa umegeuka elfu hamsini. Hapo nikaelewa kwa nini bahasha za nyuma huja na maswali!

Karatasi hizo sita ndizo zilizoamua, si mimi. Nilizipeleka kwenye baraza la wazee, zikazunguka mezani mkono kwa mkono. Baada ya hapo proforma ya milioni 48 haikujadiliwa tena kama ilivyokuwa. Swali likabadilika kutoka "tununue nini" likawa "kwa nini mtu wa nyuma hasikii".

Fundi tuliyemwita hakufungua hata begi lake. Alisimama katikati ya kanisa tupu akapiga kofi moja. Kofi lile lilirudi, likarudi tena. Vigae chini, vioo pande mbili, ukuta wa nyuma mtupu umepakwa rangi ya mafuta unang'aa. Akasema spika zetu za mbele hazina ubaya wowote. Sauti inafika ukutani inarudi, neno la kwanza linagongana na la pili. Kuongeza spika kubwa hapo ni kuongeza kelele. Tena wakubwa wanajua: kanisa likijaa watu mwangwi unapungua, kwa sababu watu na nguo zao hunyonya sauti. Ibada ya kwanza ya saa moja, watu wachache, ndiyo iliyokuwa inaumia zaidi, na ndiyo ya wazee.

Tulichonunua mwishowe kilifika shilingi 19,500,000. Mixa 7,400,000. Kisanduku cha jukwaani cha kuchomekea maiki 2,900,000, na waya wake 350,000. Maiki sita 2,520,000. Spika ndogo mbili za nusu ya nyuma 3,200,000. Betri ya akiba 680,000. Mafunzo ya siku mbili 600,000. Na pazia zito la ukuta wa nyuma, lililoshonwa kwa mikunjo mingi, 1,850,000. Kwenye mkutano mkuu wa usharika pazia ndilo lililopigiwa kelele kuliko vyote. "Mama, pazia milioni mbili kasoro, tunaoa?" Nikajibu pazia la harusi ni jepesi, hili inua mwenyewe uone.

Sasa mixa yenyewe. X32 ilitoka mwaka 2012, si mpya, na hilo kwangu ni sifa: mafundi wa mjini wanaijua. Ina matundu 32 ya kuingizia maiki na vyombo. Ya zamani ilikuwa na 16, na kila Kwaya Kuu ilipopanda na tarumbeta ilibidi kinanda kichomolewe ili tarumbeta ziingie. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba inakumbuka. Kwaya ya Vijana wakishapangiwa sauti zao, unahifadhi kwa jina lao. Wakisimama, binti anabonyeza, na vile vishikio vya kupandishia sauti vinatembea vyenyewe mpaka mahali pake. Mara ya kwanza bibi mmoja aliyekaa karibu aliona vikitembea bila mtu, akajivuta upande wa pili wa benchi.

Ule waya mnene wa zamani, unene wa mkono wa mtoto, uliokuwa unapita katikati ya kanisa na kuwakwaza maharusi, haupo tena. Sasa ni waya mmoja mwembamba kama wa intaneti kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye mixa. Angalizo: uwe ule wenye kinga ya chuma ndani. Fundi alitukataza wa bei chee, na kwenye hilo sikubishana naye.

Spika za nyuma ndizo zilizonifundisha kitu. Ziko mita 18 kutoka za mbele. Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde, lakini kwenye waya inafika papo hapo. Kwa hiyo usipozichelewesha za nyuma, mtu wa nyuma anamsikia mchungaji mara mbili: kwanza kwa spika iliyo juu ya kichwa chake, kisha kwa ile ya mbele. Fundi alipima kwa futi ya waashi, akagawanya, akaandika 52 kwenye mixa, yaani sehemu 52 za elfu za sekunde. Jumapili ile benchi la mwisho waliacha kunong'onezana "amesemaje?" Hesabu ya darasa la saba, na miaka yote hiyo hakuna aliyeipiga.

Pia inarekodi mahubiri moja kwa moja kwenye flashi. Akina mama wa huduma ya wagonjwa wanayapunguza ukubwa na kuyatuma kwa simu kwa wasioweza kutoka kitandani. Hilo halikuwa kwenye proforma ya mtu yeyote, na ndilo ninaloulizwa zaidi likichelewa.

Maiki zilituletea shida. Tulitaka Shure SM58, ile yenye kichwa cha duara cha wavu ambayo imekuwa sokoni tangu 1966. Tukaenda duka moja la Kariakoo, sitalitaja. Maboksi sita, yote yanafanana, bei nzuri. Kijana wa mitambo akazishika akasema mbili nyepesi. Mimi kwa mazoea ya kazi nikazibeba mpaka dukani kwa mangi wa mtaani nikaziweka kwenye mizani yake ya sukari. Nne zilicheza karibu gramu 300. Mbili hazikufika 250. SM58 halisi ni gramu 298. Nilirudi na risiti ya EFD mkononi, wakabadilisha bila maneno mengi. Bila risiti ile tungeimba na bandia mpaka Pasaka. Nendeni na mizani.

Nisichokipenda? Mixa ya kidijitali ni kompyuta. Umeme ukikatika na kurudi, lazima iamke kwanza, na kuamka kwake ni kama kusali Baba Yetu yote na Amina yake. Mara ya kwanza ilitukuta katikati ya Ushirika Mtakatifu, ndiyo maana betri ya akiba ikaingia kwenye bajeti kwa mlango wa nyuma na mimi nikaeleza mkutanoni kwa nini. Usinunue mixa ya aina hii bila betri. Jambo lingine, mixa ya zamani kila mtu aliigusa, hii haiguswi na asiyefundishwa. Tulifundisha watano, wamebaki watatu. Mkali wao ni binti aliyetoka Kipaimara juzi tu, na akienda shule ya bweni Januari tutalia. Kama ningerudia, ile 600,000 ya mafunzo ningeifanya milioni na nusu, nikafundisha kumi.

Fedha tulizipata vipi, wengi wameniuliza. Nusu ilikuwa bahasha maalum za miezi minne. Iliyobaki ni mnada wa Sikukuu ya Mavuno. Mkungu mmoja wa ndizi uliuzwa mara tatu: aliyenunua kwa 150,000 akaurudisha, wa pili akatoa 200,000 akaurudisha, wa tatu akauchukua maana mke wake alishaanza kumkazia macho.

Nikitoa alama: mixa 8 kwa 10, pazia 10 kwa 10, mafunzo 5, na kosa la mafunzo ni langu. Nilirudia zoezi la karatasi miezi mitatu baada ya mitambo kufungwa. Sita kwa sita waliandika neno sahihi. Mmoja wa nyuma aliongeza kwa chini: "Mahubiri marefu." Mchungaji nimemwonyesha.

Vijana wameshaleta proforma mpya, ya skrini, safari hii ndogo, ya pembeni, msalaba hauguswi. Nilikuwa nimejiandaa kukataa. Lakini Jumapili iliyopita nilihesabu wageni 23 waliosimama bila kitabu chetu cha nyimbo, *Tumwabudu Mungu Wetu*, midomo imefungwa, wakisubiri wimbo uishe. Nimeiweka kwenye ajenda ya kamati ya fedha, Jumanne saa kumi na moja jioni.