QuikClot Combat Gauze: mwaka mzima kwenye gari, maoni yangu

Mimi ni dereva wa watalii Arusha, hii kitu niliijulia kwenye kozi ya huduma ya kwanza. Ni bandeji ya kuzuia damu, ukiiangalia ni shashi tu, iko kwenye pakiti iliyofyonzwa hewa, ndani imekunjwa zigizaga kwa hiyo ukivuta inakuja yenyewe haijisokoti, upana kama sm 7.5 na urefu karibu mita 3.7. Imepakwa kaolini, ule udongo mweupe kama wa Pugu, ndo unaofanya damu igande haraka. Unaisindilia kwenye kidonda mpaka kijae afu unakandamiza dakika 3 bila kuchungulia, na hapo kwenye kuchungulia ndo wengi tulifeli.

Mwalimu alileta paja la kitimoto kutoka buchani, katoboa shimo kapitisha mpira wa dripu wenye maji mekundu. Mwenzetu mmoja Mwislamu akasema hashiki, akaletewa la mbuzi, freshi tu maisha yakaendelea.

Sasa usiku nikaanza kusoma hii bandeji imetoka wapi, kumbe kitimoto alianza nayo kabla yetu. Taasisi ya utafiti wa upasuaji ya jeshi la Marekani, San Antonio kule Texas, walikuwa wanamlaza nguruwe kwa nusu kaputi, wanatoboa mshipa mkubwa wa pajani tundu la mm 6, damu inaachwa imwagike sekunde 45 ndo wanaweka dawa wanaangalia atapona au atakufa. Mwaka 2008 kamati yao ya tiba ya vitani ikaichagua hii. QuikClot ya kwanza ilikuwa chengachenga, ikikutana na damu inapata moto mpaka inaunguza nyama. Afu kulikuwa na nyingine inaitwa WoundStat, yenyewe ilizuia damu vizuri balaa, ila walipowapima nguruwe zaidi wakakuta mabonge ya damu ndani ya mishipa, 2009 jeshi likaitoa. Bila wale nguruwe hayo mabonge yangekutwa kwa askari, kwa hiyo hapo mi sina ubishi.

Ninachobishia ni ile ya kukata mbuzi wazima, hata kama wamelazwa, eti askari wajifunze kufunga vidonda, wakati midoli inayotoa damu ipo na walinzi wa pwani wa hukohuko Marekani walishaacha. Mimi nimejifunza kwa paja la buchani na mpira wa dripu bwana!

Nyota 4. Moja nimeikata kwa bei, iligonga zaidi ya laki moja kwa pakiti, na muuzaji wangu wa kwanza (simtaji) alinipa iliyobakiza miezi minne iexpaya. Angalieni tarehe kabla hamjalipa. Ile iliyoexpaya sijatupa, naifanyia mazoezi na wenzangu stendi, tunaikunja upya tunarudia.