Soba house za Dar: kujisamehe kunafundishwaje, na wapi kazi inaharibika

Familia inayotafuta soba house, yaani nyumba wanakokaa waraibu ili waache kutumia, hapa Dar es Salaam, iwe Kigamboni au kwingine, huuliza kwanza bei, halafu kama geti lina mlinzi, halafu mgonjwa atakaa miezi mingapi. Ni nadra mtu kuuliza: yale aliyoyafanya akiwa kwenye unga (heroini), humu ndani atasaidiwaje kuyabeba? Kwa maoni yetu hapo ndipo nyumba nzuri inapotofautiana na nyumba yenye kuta tu, kwa hiyo tathmini hii inahusu huduma hiyo peke yake.

Nyumba nyingi zinafuata hatua 12 za kuacha uraibu. Mfumo huo ulitokana na chama cha walevi walioacha pombe kilichoanza Marekani mwaka 1935, na waraibu wa dawa za kulevya wakaanzisha chao kwa mtindo huohuo California mwaka 1953. Hatua tatu za mwanzo, za kukiri umeshindwa na kujikabidhi kwa Mungu, hapa kwetu hupita haraka, maana wengi wanaoingia wanasali tangu utoto. Shida yao ni kwamba wanaamini Mungu amewakataa. Nyumbani wameshaambiwa wamelaaniwa, na mtaani wanaitwa mateja. Msimamizi anayewakimbiza kwenye hatua ya nne bila kuigusa imani hiyo anaandaa mtu wa kutoroka.

Hatua ya nne ndiyo yenye kazi. Daftari la kawaida linatosha. Kila ukurasa unagawanywa safu nne: ninayemkasirikia, alichonifanyia, kilichoumia kwangu, na sehemu yangu mimi. Msimamizi anayejua kazi humrudishia mgonjwa daftari ambalo safu ya nne ni tupu, kwa sababu hapo kila kosa ni la baba, la polisi au la marafiki wa maskani. Humrudishia vilevile daftari ambalo safu hiyo imejaa “mimi takataka, mimi mwizi”. Hayo ni matusi, na matusi hayalipiki. “Niliuza mtungi wa gesi wa mama, wa kilo 15, nikanunua kete” ni kitendo. Kina mwenye kudhurika na kina thamani, kwa hiyo kina njia ya kurekebishwa. Mtu anayejichukia mwili mzima hana pa kuanzia, na mara nyingi anaishia kurudi kijiweni ili apumzike na hiyo chuki.

Kosa tunaloliona zaidi ni kuwahi. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, huanza kama saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, na maumivu ya mwili hupungua ndani ya wiki moja hivi. Usingizi na utulivu wa moyo vinachelewa wiki kadhaa zaidi. Mtu asiyelala usiku akipewa daftari wiki ya pili, ataandika giza tupu. Sisi tunashauri isiwe kabla ya wiki ya nne.

Hatua ya tano ni kusoma daftari mbele ya Mungu na mtu mmoja. Mmoja, narudia. Nyumba inayomsomesha mgonjwa mbele ya kikao kizima usiku, wenzake wakimzomea au wakilia naye, imegeuza toba kuwa adhabu. Huyo mmoja awe sponsa (mraibu mwenzake anayemwongoza) aliyekaa safi muda mrefu, mshauri nasaha, padre, mchungaji au sheikh. Mkatoliki ana faida ya ziada: padre amefungwa kabisa kutotoa siri ya kitubio, jambo ambalo sponsa hawezi kuahidi kwa uzito huo. Yale yanayoweza kumfikisha mtu mahakamani azungumze na wakili kabla ya kuyaandika popote. Na uliza daftari linalala wapi. Likikaa ofisini bila kufuli, mgonjwa ataandika uongo, na hatuwezi kumlaumu.

Hatua ya nane na ya tisa, za kuorodhesha uliowadhuru na kuwafidia, ndizo Waislamu huzielewa upesi. Masharti ya toba wanayajua: uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama ni haki ya mtu, umrudishie. Mwenye haki akiwa amefariki, wapewe warithi wake. Asipojulikana kabisa, wanazuoni wanaelekeza itolewe sadaka kwa niaba yake. Nyumba zinazomwalika sheikh au mchungaji kukaa kwenye orodha hii, badala ya kuhubiri tu Ijumaa na Jumapili, ndizo tunazozisifu.

Malipo yaendane na kipato. Simu ya dada ya shilingi 180,000, kwa 10,000 kila wiki, inaisha wiki ya 18, na kila wiki mtu anajiona akitimiza neno. Kujisamehe kunaanza kukaa hapo. Kinachoharibu ni ahadi ya kulipa yote mwisho wa mwezi bila kazi. Deni la pusha, muuza unga, lisilipwe kwa kwenda maskani. Na asipelekewe mtu ukweli utakaomuumiza ili wewe tu upate nafuu. Hatua yenyewe inakataza. Ushuhuda madhabahuni nao usubiri: anayeshangiliwa akiwa na siku 30 halafu akaanguka, hubeba aibu mara mbili na hukwepa kanisa lilelile lililompenda.

Tunakataa bila kusita nyumba inayotumia dini kumwachisha mtu methadoni, dawa ya kliniki inayotolewa badala ya heroini. Muhimbili inaitoa tangu mwaka 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, na haitozwi. Aliyezoea miligramu 80 kwa siku akiambiwa aache ghafla kwa maombi, arosto yake huja taratibu lakini huweza kudumu wiki tatu, kwa sababu dawa hiyo hutoka mwilini polepole. Akishindwa na kurudia kipimo chake cha zamani cha heroini wakati mwili umeshapoteza uzoefu, anaweza kufa. Ramadhani isiwe sababu ya kukata dozi: mgonjwa ana ruhusa ya kula, kwa hiyo sheikh na kliniki waulizwe kabla ya mwezi kuandama. Kwa mlevi wa pombe kali, kufunga na kuomba siku tatu bila daktari ni hatari zaidi. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kukafuata siku ya pili hadi ya nne. Huyo aanzie hospitali.

Kabla ya kulipa, zungumza na anayesimamia hatua ya nne, si mhasibu. Muulize yeye mwenyewe ana muda gani bila kutumia, mgonjwa wa methadoni anapelekwaje kliniki kila asubuhi, na akianguka baada ya kutoka anapokelewa kwa masharti gani. Jibu la “hapa haanguki mtu” lituonye. Uliza pia kama sponsa ataendelea kupokea simu miezi sita baada ya mtu kurudi nyumbani, kwa sababu orodha ya hatua ya nane huwa haijafika hata nusu siku anapofunguliwa geti.